Nyasi za gunia kutoka vitalu vya Nakuru: nunua, ila mwaga gunia kwanza

Vitalu vya kando ya barabara huuza nyasi kwa namna mbili: vipande vya kutandika, vilivyokatwa pamoja na udongo wake, au vikonyo, yaani vijishina vyenye mizizi, vilivyong'olewa na kushindiliwa guniani. Kwa mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 Kiamunyi au Lanet na pesa za kuhesabu, gunia ndilo la kununua. Vipande hupendeza siku hiyo hiyo, lakini unalipia udongo na gari la kuubeba.

Kasoro ya gunia ni usafi. Ingiza mkono hadi katikati: ukikuta joto, nyasi zimeanza kuoza. Kisha mwaga zote chini, hata mwenye kitalu akinuna. Mzizi mweupe uko hai. Wa kahawia unaokatika umekauka. Tafuta na ndago, gugu sugu. Kwa macho hufanana na nyasi, ila ukizungusha shina lake kati ya vidole utahisi pembe tatu. Ukizikuta mbili tatu, liache gunia lote. Jembe haliimalizi ndago. Kila kiazi kidogo kinachobaki udongoni huchipua upya.

Nyasi za Kikuyu hupenda jua na ubaridi wa Nakuru, na hustahimili watoto na mpira. Ubaya wake hutambaa hadi kwenye maua, na wakati wa mvua slasha hailali. Za Pemba zina jani pana, huvumilia kivuli cha ukuta na hazikatwi mara kwa mara, ila huku juu husambaa polepole, kwa hiyo usikimbilie kulaumu kitalu. Kisumu mambo hugeuka: Pemba hushika haraka, Kikuyu huteswa na joto.

Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 20 kila upande, mita moja ya mraba inakula vikonyo 25. Mita 50 za mraba, 1,250. Hesabu konzi moja ndipo ukadirie, maana magunia hayalingani.

Samadi ya unene wa sentimita 3 kwa eneo hilo ni kama wilibaro 23 za lita 65. Ikinuka mkojo, iache: mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Ichanganye na udongo kina cha sentimita 15, ukiacha mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kutoka ukutani. Zika vifundo viwili vya kila kikonyo, ncha ibaki juu, kanyaga, mwagilia papo hapo. Udongo wa Nakuru wa majivu ya volkano haukai na maji, hivyo mwagilia asubuhi na jioni wiki mbili za kwanza. Panda Aprili, mvua ikusaidie.

Miche ya duranta, kichaka cha uzio, usiinunue. Omba matawi yanayokatwa kwa jirani, vijiti vya sentimita 20, uvichomeke kila sentimita 30. Matunda yake ya manjano yana sumu. Penye watoto, pogoa kabla hayajafunga.