Muziki wa bure uani Mji Mkongwe: nendeni, ila msiiamini saa waliyoandika

Kwanza suala la pesa maana najua ndo mnalotaka kujua mwanzo, ni bure, bure kweli, hakuna tiketi wala mtu wa kukufata baadae na daftari la mchango. Mlangoni kuna kisanduku cha mbao, unataka unatia elfu yako, hutaki unapita na hakuna anaekukodolea macho. Wanaopiga ni jamaa wa mtaa tu, wengine wazee wa taarab asilia na wengine vijana waliosoma muziki, wamekubaliana kipupwe chote kila wiki usiku mmoja baada ya Isha wanakutana kwenye ua wa nyumba moja ya zamani Mji Mkongwe. Watu wanne, watano, kila mmoja na chombo chake. Na kubwa zaidi hakuna spika, hakuna maiki, hakuna kibodi, na yule bwana wa mitambo wa "cheki, cheki, moja mbili" nae hayupo, alhamdulillahi.

Mie na spika nna ugomvi wa siku nyingi. Harusini bashraf ikianza ndo watu wanatafuta viti, wanaamkiana, mtoto anaitwa kule, soda zinagaiwa, kwa sababu kila mtu anajua muimbaji bado hajashika maiki kwa hivo mambo hayajaanza. Maskini bashraf. Ni kipande cha ala tupu, asili yake Uturuki, kina sehemu zake na kila sehemu ikisha vyombo vyote vinarudi kwenye kile kipande kimoja kinachojirudia, na raha yake yote iko kwenye huko kwenda na kurudi, sasa ukiipiga kwenye maspika makubwa watu wakapiga kelele ili wasikilizane inabaki nini? Hapa uani wanaanza na bashraf na watu wanakaa kimya. Mie nimezisikia tangu mdogo lakini sikuwahi kusikia nai, ile filimbi ya mwanzi, inavuta pumzi kabla ya kuingia, hapa unaisikia.

Halafu kanuni, kile chombo cha nyuzi cha kulaza. Kaa karibu na kanuni mara moja tu utanielewa. Nyuzi zaidi ya 70, kila noti ina nyuzi tatu zinazolia pamoja, bwana kaiweka mapajani, vidole vya shahada vyote viwili kavaa vipete vimebana kile kijiti cha kupigia nyuzi, na mkono wa kushoto kila baada ya muda unaruka pembeni kupandisha au kushusha vile vibati vidogo vinavyobadilisha noti, tena hatazami. Kwenye spika hii kitu inakuwa ukelele wa bati, hapa inamwagika kama mchele kwenye ungo. Usiku mmoja bi mkubwa kanogewa akaenda kutunza, na kwa vile hakuna muimbaji wa kumtunza akaiweka ile noti ya elfu mbili juu ya nyuzi! Jamaa akaisogeza kwa kidole kidogo na pigo hakukosa. Ua mzima kicheko.

Na wanaosema eti huu muziki wa kukaa kimya watu wanne watano ni mambo ya Wazungu, jamani someni kidogo. Inasimuliwa Sultan Barghash, alotawala 1870 mpaka 1888, ndie alompeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza kanuni, akarudi akawa anampigia ndani ya kasri, kwa hivo taarab yenyewe hapa kwetu ilianzia chumbani. Siti binti Saad, muimbaji wetu mkubwa wa taarab, na wenzake waliokwenda Bombay 1928 kurikodi santuri walikuwa kundi dogo tu, udi (kile chombo cha nyuzi kama gitaa), fidla, dumbak ya kupiga kwa mkono na vinginevyo. Yale mambo ya fidla safu nzima ni baadae, vilabu vyetu vilipofata staili ya Misri, na mie nayapenda pia, klabu ya Ikhwani Safaa wako tangu 1905 na sina la kuwafunza. Lakini udi ukizungukwa na fidla kumi huusikii, unauona tu.

Usiku uliojaza watu kuliko zote ni waliokuja wageni wanne na fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na selo (kubwa zaidi, inapigwa umekaa). Nlikwenda na wasiwasi maana nlijua watu wetu wataboreka, na kweli mwanzoni bibi mmoja akamgeukia kijana pembeni yake, "mwanangu, muimbaji hajaja?" "Leo hakuna bibi, vyombo tu." "Haya, na wapige basi." Wakapiga Haydn, mtunzi wa Kiaustria, alotunga kazi 68 za namna hii za vyombo vinne mpaka wanamwita baba wa muziki huo. Sehemu ya pili ilipoanza tu sauti nyuma yangu, "hee, si Ujerumani hii?" na ndo wenyewe, wimbo wa taifa wa Ujerumani ule wa kabla ya mechi. Haydn aliutunga 1797 kumsifu Kaizari Franz wa Austria, mwenyewe akauchukua akautia humo kwenye kazi yake namba 76 ya tatu, Wajerumani wakaufanya wa taifa lao 1922. Basi kuanzia hapo wapenda mpira wote wamekaa sawa. Na kilichowashika ni kwamba lahani haibadiliki, inapita kwa zamu: kwanza fidla ya pili inaimba na ya kwanza inaizunguka kwa noti ndogondogo, wale wengine wawili wamekaa kimya upinde mapajani, halafu selo inaichukua, halafu viola, mwisho fidla ya kwanza na wote pamoja. Bibi yule yule akawa anaonesha kwa kidole zamu ya nani.

Wageni wasijifarague lakini, mzee wetu wa fidla alipiga baada yao taksimu fupi ya kufungua wimbo, peke yake, zile robo noti zinateleza katikati ya noti mbili ambapo wao hawafiki, na nliwaona wale wageni wameinamana mbele kumtazama vidole.

Kisichofaa ni usiku wa kidumbak, ile taarab ndogo ya kuchezea. Wapigaji hodari, sanduku la besi lilikuwa lile lile la kweli, boksi, mti na kamba moja, na fidla inachapa, lakini kidumbak kukisikiliza umekaa kwenye kiti umekunja mikono ni adhabu. Akina mama wa mbele walivumilia nyimbo mbili wakainuka, viti vikasukumwa, na waliotaka kusikiliza wakakosa na waliotaka kucheza hawana nafasi. Ipelekeni uwanjani hiyo.

Mengine: tangazo linaingia WhatsApp mchana wa siku ile ile, na saa 2 usiku yao ni karibu saa 3. Vespa zinapita kichochoroni na honi zake, hilo halina dawa. Kanuni kuitia sawa kunachukua muda, hewa ya bahari hiyo, vumilieni. Simu ndo zinanikera, mtu kanyoosha mkono anarikodi wimbo mzima na mwanga wote usoni kwa mpiga udi. Umeme ulikatika mara moja katikati ya wimbo na wao wakaendelea tu, hata kichwa hawakuinua, hapo nkazidi kuwapenda hawa watu wasio na spika.

Nawapa nyota nne. Ukienda kaa upande wa ngazi, kuta zile nene zinarudisha sauti vizuri pale, chini ya roshani udi hausikiki vyema. Chukua kimto maana viti vya plastiki vinalia ukijigeuza na watu watakutazama. Kahawa iko nje barazani, kashata zinakwisha mapema. Na nyinyi waandaaji kama mnasoma hapa, ile hotuba ya mgeni rasmi iwekeni mwisho kabisa, sie wengine tutakuwa tushaondoka.