Marumaru ndani, Mazeras nje: miaka minne ya kuishi juu ya mawe

Nianze kwa kufafanua neno, kwa kuwa siku hizi kila kigae kinachong'aa huitwa marumaru hata kikiwa cha udongo uliochomwa kiwandani. Ninayoyazungumzia hapa ni mawe yenyewe: marumaru nyeupe yenye michirizi ya kijivu tuliyoitandaza sebuleni, jikoni na bafuni katika nyumba yetu ya Mombasa, na mawe ya Mazeras, yaitwayo kwa jina la mji ulio karibu na Mombasa, tuliyoyaweka barazani na uani.

Sebuleni sina majuto yoyote. Wakati wa kaskazi, joto linapokuwa halina simile, sakafu ile hubaki baridi hata adhuhuri, na watoto huyaacha makochi wakajilaza chini bila mkeka. Aidha, kigae kilichochapwa picha ya jiwe kikifubaa hakina dawa ila kung'olewa, ilhali marumaru husuguliwa kwa mashine ikarudia mng'aro wake.

Jikoni ndiko nilikokosea. Marumaru asili yake ni chokaa, na chokaa haipatani na kitu kichachu, ilhali upishi wetu wa Pwani haukamiliki bila ndimu, ukwaju na siki. Hatujamaliza hata mwezi, chupa ya achari iliyowekwa sakafuni ikavuja usiku kucha, na asubuhi nikakuta duara lililofifia ambalo sabuni haikuliondoa, kwa sababu halikuwa doa bali jiwe lenyewe lilikuwa limelika. Mbuzi ya kukunia nazi imechora mikwaruzo yake karibu na mlango, na mafuta yenye manjano yaliyomwagika siku ya karamu yamezama ndani hadi leo. Aliyetuuzia hakutaja kwamba jiwe hupakwa dawa ya kuziba vinyweleo kabla ya kutumika, wala fundi hakuuliza. Baadaye nilijifunza jaribio rahisi: dondosha maji juu ya jiwe, usubiri dakika kumi, na pakibadilika rangi ujue jiwe linakunywa. Hata hivyo, dawa hiyo husaidia dhidi ya madoa tu. Ndimu itaendelea kula uso wa marumaru vilevile.

Bafuni tatizo ni maji yetu ya kisima, ambayo yana chumvi na huacha utando mweupe ukutani. Kwenye vigae vya kawaida utando huo huondolewa kwa siki au asidi, lakini kwa marumaru dawa hiyo ni balaa kuliko ugonjwa, hivyo tunalazimika kukausha kuta kwa kitambaa kila baada ya kuoga. Wageni, bila shaka, hawakumbuki.

Mawe ya Mazeras ni ya mchanga na uso wake umeparuza, kwa hiyo hayatelezi hata mvua za masika zinapopiga baraza. Nayapenda kwa dhati, ingawa unene wake haulingani, na fundi alilazimika kupimia kila kipande udongo wake wa saruji, akatoza ujira karibu maradufu ya ule wa vigae. Upande wenye kivuli huota ukungu wa kijani unaohitaji brashi ngumu, na mzambarau wa jirani umetuachia madoa ambayo nimekwisha yazoea.

Anayefikiria kuweka mawe ghorofani azungumze kwanza na mhandisi, kwani graniti ya unene wa sentimita 2 huwa na uzito wa zaidi ya kilo 50 kwa mita moja ya mraba. Sisi ghorofani tuliweka vigae vya kawaida. Aagize pia vipande vya ziada, walau asilimia 10, maana mawe ya awamu ya pili ya kuchimbwa huenda yasishabihiane na ya kwanza. Kiraka kilichopo nyuma ya kochi letu kinathibitisha hilo.

Marumaru ya jikoni tutaing'oa baada ya Idi na kuweka graniti, ambayo ni ngumu zaidi na haisumbuliwi na ndimu. Kwa sasa chupa ya achari inakaa juu ya sinia.