Gen Con kwa tiketi za dola 2: nilivyokosa nilichokitaka nikapata kingine

Naishi Louisville, Kentucky, mwaka wa sita huu, na kutoka hapa hadi Indianapolis ni kama saa mbili kwa gari. Kwa hiyo sina kisingizio. Kila Gen Con, tamasha kubwa la michezo ya mezani, ikikaribia wenzangu wa mezani huniuliza kama naenda, nami hujibu pesa hakuna. Safari hii nilijikaza nikaenda. Naandika kwa ajili ya mnaocheza D&D au Pathfinder, michezo ya kuigiza wahusika ndani ya kisa kwa dadu, sebuleni kwa watu, mkisikia habari za michezo inayochezwa pale tamashani tu na kudhani ni ya wenye mabulungutu.

Cha kwanza kuelewa: beji ni kitu kimoja, mchezo ni kitu kingine. Beji ya siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, inazidi dola 100. Hiyo inakuruhusu kuingia, kuzurura kwenye ukumbi wa wauzaji na kujaribu geimu mpya wanazoonyesha. Ukitaka kukaa mezani ucheze kisa kizima, karibu kila mchezo una tiketi yake. Na tiketi zenyewe hazitishi. Mimi nililipa dola 8 kwa mchezo wa saa nne. Vya bei kali vipo, kama True Dungeon, ambako unatembea kwa miguu yako ndani ya vyumba vilivyojengwa kama mahandaki, mnafumbua mafumbo na kupigana na mazimwi. Hiyo ni makumi ya dola kwa saa mbili hivi. Sikuingia. Niliwaona tu wanaotoka, wamelowa jasho na wanacheka.

Kazi ni kuipata nafasi. Usajili wa michezo hufunguliwa Mei, Jumapili saa sita mchana. Kabla ya hapo unapanga orodha yako, unayoitaka zaidi ikiwa juu. Saa ikifika unabonyeza, mfumo unakupa namba, unasubiri zamu yako. Niliacha ugali jikoni nikakaa mbele ya kompyuta kama mtu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Nikabonyeza sekunde ile ile. Namba: elfu saba na kitu. Mke wangu akachungulia juu ya bega langu. "Elfu saba? Baba, hiyo foleni ya sukari au?"

Ilipofika zamu yangu, mitatu ya juu kwenye orodha ilikuwa imekwisha. Sikushangaa sana. Hili tamasha lilianza mwaka 1968 kwenye mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin, likahamia Indianapolis mwaka 2003, na mwaka 2024 walihudhuria zaidi ya watu 71,000. Meza ya mwendeshaji mmoja, yule anayesimulia kisa na kuongoza mchezo, ina viti sita au saba. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa njia ya panya, ambayo wala si ya panya, ni halali kabisa: tiketi za jumla. Zinauzwa dola 2 moja, hazina jina la mchezo. Unanunua kadhaa, unakwenda kusimama kwenye mlango wa mchezo uliojaa, na mwenye tiketi yake asipotokea, unatoa tiketi zinazofikisha bei ya mchezo, unakaa wewe. Nilinunua kumi.

Ijumaa jioni nilisimama nje ya ukumbi mkubwa wa kituo cha mikutano, kwenye kisa maalumu cha Pathfinder. Hiki ni kile ambacho meza nyingi zinacheza kwa pamoja, kila meza na sehemu yake ya vita, na mtu wa mbele anatangaza kwa kipaza sauti tumefikia wapi. Foleni ya wasio na tiketi ya kisa hicho tulikuwa kama ishirini. Mzee mmoja wa kujitolea, shati la rangi na karatasi mkononi, alikuwa akipita anapaza sauti: "Kiti kimoja, wahusika wa ngazi ya kwanza, ya chini kabisa!" Mbele yangu walikuwa wawili wawili, hawataki kutengana. Mimi peke yangu. Nikanyanyua mkono kama niko darasani.

Nikapewa karatasi ya mhusika aliyekwisha kutengenezwa, kasisi wa kike, na meza ya watu ambao sijawahi kuwaona. Kwa saa tano hatukuwa wageni tena. Meza yetu ilipomaliza kazi yake mwendeshaji akainua bendera ndogo, na baada ya muda tangazo likatoka kwamba lango limevunjwa. Ukumbi mzima ukalipuka kwa kelele. Dadu yangu ya pande 20 ilidondoka chini, hakuna aliyejali.

Nalinganisha na tamasha jingine dogo, silitaji, nililokwenda mwaka mmoja kabla. Huko nililipa dola 120 kwa meza ya "wachache tu": mwendeshaji wa kulipwa, kisa kisichopatikana popote. Mwendeshaji alichelewa dakika arobaini. Tuliahidiwa watu sita, tukawa tisa. Nilicheza zamu nne usiku mzima. Miezi michache baadaye kisa kile kile nikakikuta kinauzwa mtandaoni kama PDF, kwa bei ya chipsi kuku. Tangu siku hiyo nikiona neno "wachache tu" kwenye tangazo, mkono naurudisha mfukoni.

Kinachokausha mfuko Indianapolis ni malazi. Hoteli zilizounganishwa na kituo kwa njia za juu zinagombaniwa kuliko hata michezo. Mimi nililala kwa shemeji yangu nje kidogo ya mji, nikalipa maegesho dola 35 kwa siku, na chapati nilibeba kutoka nyumbani. Asiye na ndugu mjini awe na watu wanne wa kuchangia chumba, au ajitolee kuendesha michezo. Anayetimiza saa zinazotakiwa anaweza kurudishiwa gharama ya beji.

Kati ya zile tiketi kumi nilitumia saba, na mara moja tu nilirudi bila kiti, Jumamosi mchana, wakati ambao kila mtu ameamka. Nenda Alhamisi asubuhi au usiku wa manane. Na nenda peke yako mlangoni, hata kama mmekuja kundi.