Matembezi ya Constitution Hill, Johannesburg: nzuri sana, ila muda hautoshi

Mimi ni kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi mgodini, Geita, kwa hiyo kilichonipeleka pale, kwenye gereza la zamani ambalo sasa lina Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ni habari za Cyril Ramaphosa, rais wa nchi hiyo aliyeanzia kwenye chama cha wachimbaji. Kampuni iliyotuzungusha ina muongozaji anayeijua kazi yake. Alitusimamisha mbele ya mlango mkubwa wa mbao wa Mahakama ya Katiba, uliochongwa haki 27 zilizomo kwenye katiba, akatuacha tuupapase kwa vidole. Ndani kuna ukuta wa matofali yaliyotoka kwenye jengo la mahabusu lililobomolewa.

Hapo ndipo alipotusimulia habari za Ramaphosa bila haraka: kijana aliyewekwa kizuizini miezi 11 kuanzia 1974, akapata shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Afrika Kusini (UNISA) mwaka 1981, akawa mshauri wa sheria wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, CUSA, na 1982 akawa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha wachimbaji, NUM. Mgomo wa 1987 ulidumu wiki tatu na maelfu wakafukuzwa kazi. Mtu aliyepikwa kwenye mazungumzo na wenye migodi ndiye aliyekuja kuongoza Bunge la Katiba, 1994 hadi 1996!

Kilichoniuma ni Marikana kupitwa kwa sentensi moja. Tarehe 16 Agosti 2012 polisi waliwaua pale wachimbaji 34 waliokuwa kwenye mgomo, na Ramaphosa alikuwa mjumbe wa bodi ya Lonmin, kampuni yenye mgodi huo. Sisi wa migodini tunataka tuambiwe hilo kwa kituo. Nilipouliza nilijibiwa kwa heshima, lakini basi lilikuwa limeshawasha injini tayari kuondoka.

Mkienda, ombeni kundi dogo na muda mrefu zaidi.