Mafunzo ya ubao wa tanga Kigamboni: yanamfaa nani?

Kituo nilikojifunzia ubao wa tanga, yaani kuteleza majini juu ya ubao unaosukumwa na upepo, kiko Kigamboni, Dar es Salaam, upande unaotazama bahari kuu, na sifa yake kubwa ni kwamba hakimpangii mwanafunzi saa ya somo kabla ya kutazama jedwali la maji kujaa na kupwa. Mfanyakazi wa mjini anaweza kukereka akiambiwa kwamba wiki hii aje asubuhi na wiki ijayo alasiri, lakini katika pwani ambayo wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, huo ndio utaratibu wa haki. Maji yakipwa, pezi la chini ya ubao hugonga mwamba, na anayeanguka hukanyaga viumbe wenye miiba.

Mahali penyewe pamechaguliwa kwa busara. Ghuba ya Msasani huonekana tulivu zaidi, na wengi hudhani ndiko kunakomfaa mgeni wa mchezo huu. Lakini anayeingia majini kutoka upande wa rasi ya Msasani wakati wa kusi, upepo wa kusini-mashariki, huwa na upepo unaotoka nchi kavu, ambao humsukuma mbali na alikoanzia. Kigamboni, upepo huo wa kusi huja ubavuni mwa ufuo ikielekea kidogo nchi kavu, kwa hiyo anayeshindwa kugeuza ubao hurudishwa mchangani, ingawa mbele kidogo ya alikoanzia.

Somo huanzia mchangani, ambako mwalimu huonyesha namna ya kuupa upepo mgongo na kuinua tanga kwa kamba, kwa uzito wa mwili na si kwa nguvu za mikono. Ubao wa wanafunzi ni mpana, wenye ujazo wa zaidi ya lita 150, na tanga ni dogo. Mwalimu husimama majini karibu na mwanafunzi, akisahihisha kwa upole, na ukoti wa kujiokolea ni lazima kwa kila mtu.

Kwa mzoefu hali ni dhaifu: matanga ni machache, na mikanda ya kiunoni ya kujitundika kwenye tanga imechakaa. Afadhali aje na vifaa vyake.

Kasoro ninayoiona nzito ni boti ya uokoaji. Siku moja tulikuwa majini ilhali boti imetiwa nanga na nahodha hayupo, jambo lisilokubalika hata kama upepo unaelekea ufuoni. Nilimweleza msimamizi, na somo lililofuata halikuanza mpaka nahodha alipofika. Hata hivyo, kila mteja aulize kabla ya kulipa.

Anayeanza achague Januari au Februari, kaskazi ikivuma kwa wastani, na kusi ya Julai aiache mpaka aweze kupiga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, na kurudi mwenyewe pale alipoanzia.