Albamu nne, pesa ya moja: ipi ununue na ipi uiache kwenye simu

Muziki karibu wote sasa uko kwenye simu, kwa hiyo sitakuuliza kama albamu ni nzuri. Nauliza kama inastahili kununuliwa wakati bando linatosha kuisikiliza. Hizi nne zimetoka kati ya Oktoba 2023 na Novemba 2024, nami nimezipanga kwa kipimo hicho tu. Ndiyo maana ile ya rap, niliyoirudia kuliko zote, iko mkiani.

Namba moja ni ya piano: Goldberg Variations ya Bach, imepigwa na Víkingur Ólafsson wa Iceland chini ya lebo ya Deutsche Grammophon. Usiogope neno "klasiki". Bach aliichapisha mwaka 1741, na mpango wake unafuatika: wimbo mmoja wa taratibu, kisha anaugeuza mara 30 juu ya mwendo uleule wa besi, halafu wimbo wa kwanza unarudi kama ulivyokuwa. Ukiufikia mwisho huo baada ya zaidi ya saa moja, noti ni zilezile lakini sikio lako limebadilika. Ólafsson anapiga sehemu za kasi bila kuzichafua, kila mkono unasikika peke yake, na ukifika mgeuko wa 25, ule wa huzuni, anakuacha usubiri. Februari 2025 ilimpa tuzo ya Grammy.

Sasa sikiliza kazi hiyo kwenye akaunti ya bure: tangazo la sabuni linaingia katikati ya mgeuko wa 12 na wa 13. Hapo ndipo pesa inapopata kazi. Chukua CD, au faili la FLAC, yaani la sauti isiyopunguzwa ubora, ulipakue mara moja. Santuri siishauri hapa, kwa sababu urefu wake unadai santuri mbili, na kila baada ya muda unainuka kugeuza upande. Kwenye daladala usijisumbue nayo, sehemu zake za sauti ndogo zitamezwa na injini.

Ya pili, kwa tofauti ndogo sana, ni The Sky Will Still Be There Tomorrow ya Charles Lloyd, albamu ya jazz kutoka lebo ya Blue Note. Mzee huyu wa Memphis aliitoa tarehe 15 Machi 2024, siku aliyotimiza miaka 86. Anapuliza saksafoni na filimbi, Jason Moran yuko kwenye piano, Larry Grenadier kwenye besi, Brian Blade kwenye ngoma. Sisi tuliokulia majina ya Morogoro Jazz na Western Jazz tunalijua neno "jazz" kwa magitaa na dansi. Hapa hakuna wa kukuinua kitini. Kuna watu wanne wanaosikilizana, na Blade wakati mwingine anagusa ngoma kana kwamba mtoto amelala chumba cha pili. Ni albamu ya diski mbili, kwa hiyo bei inapanda. Hii ndiyo ningeinunua kwa santuri, kama una mashine yenye sindano nzima.

Ya tatu ni ya The Cure, bendi ya Uingereza. Walikaa miaka 16 bila albamu mpya, kisha wakaleta Songs of a Lost World, Novemba 2024. Nyimbo nane, dakika 49. Ule wa kwanza unapita dakika tatu kabla mwimbaji wao, Robert Smith, hajafungua mdomo, na mmoja unamlilia kaka yake aliyefariki. Ni roki ya usiku. Inunue kama una subira. Kama huna, hutamaliza hata wimbo huo wa kwanza.

Rapa Kendrick Lamar aliidondosha GNX tarehe 22 Novemba 2024 bila kutangaza chochote, akaipa jina la gari la Buick la mwaka 1987. Nyimbo 12, besi ya Los Angeles, sauti ya Deyra Barrera, mwimbaji wa mariachi, ikifungua mlango, na mwimbaji SZA mara mbili. Lugha ni kali, usiiwashe mbele ya wakwe. Naiweka ya nne kwa sababu haipotezi kitu ikikatwakatwa: wimbo mmoja kwenye foleni, mwingine jikoni. Kama tayari unalipia huduma ya kila mwezi, umeshainunua.