Tangu nianze kuwasikiliza mastaa wakijisimulia

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa nikisikiliza tawasifu za watu mashuhuri badala ya kuzisoma. Nimemaliza 19, mbili nimeziacha njiani, na moja niko katikati yake. Nilianza kwa sababu ya macho. Kazi yangu ni ya kukodolea skrini tangu asubuhi, na jioni nikifunua kitabu mistari ilikuwa inapandana. Rafiki yangu akaniambia, "Wewe jaribu vya kusikiliza, utapumzisha macho na nguo zako zitapigwa pasi." Nikapakua programu, nikavaa hedifoni, nikawasha pasi.

Cha kwanza kilikuwa Born a Crime cha Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini, kilichotoka mwaka 2016, ambacho anakisoma mwenyewe kwa zaidi ya saa 8. Nilikichagua kwa kuwa nilishakisoma kwenye karatasi, nikaona hata nikipitiwa na usingizi sitapotea. Ndani ya dakika ishirini nikagundua kwamba kile nilichokisoma zamani kilikuwa nusu tu. Noah alizaliwa Johannesburg mwaka 1984, mama Mxhosa, baba Mswisi, wakati ambapo sheria za ubaguzi wa rangi zilimfanya mtoto kama yeye awe ushahidi wa kosa la wazazi wake. Anaeleza jinsi lugha zilivyomwokoa: akikutana na watu wanaotaka kumdhuru, anawajibu kwa lugha yao na ghafla wanamwona ni mwenzao. Kwenye karatasi, maneno ya Kizulu na Kixhosa nilikuwa nayaruka kama mtu anayeruka dimbwi. Kwenye sauti hayarukiki. Vidoko vya ulimi vinalia, lafudhi inabadilika, na unaelewa kwa sikio kwa nini yule mtu alilegea. Na sisi wenye Kiswahili tuna faida ya pekee hapo, maana umuntu wao ni mtu wetu na abantu ni watu. Mara kadhaa nilisimamisha pasi kwa sababu nimeshtuka kusikia neno la kwetu limevaa nguo nyingine.

Lakini kilichonifunga kwenye kitabu hicho ni mama yake, Patricia. Noah anamwigiza kwa sauti anapomgombeza, anapomwombea, anapobishana naye. Siku moja hedifoni ziliisha chaji, nikaweka simu mezani nikaongeza sauti. Mama yangu alikuwa amekaa pembeni anashona kifungo. Kiingereza hakifuati. Baada ya muda akauliza bila kuinua macho:

"Huyo anagombezwa na mama yake, siyo?"

"Umejuaje, mama?"

"Hulisikii jina linavyovutwa?"

Nikarudisha nyuma sekunde thelathini nikasikiliza upya. Kweli, jina lilikuwa limevutwa. Tangu siku hiyo nikawa sisikilizi tena maneno peke yake.

Jambo ninalotaka kuwaambia wanaofikiria kuanza ni hili: kabla ya kuangalia kitabu ni cha nani, angalieni anayekisoma ni nani. Tawasifu inayosomwa na mwenyewe na ile inayosomwa na mtu wa kukodiwa ni bidhaa mbili tofauti, hata kama maneno hayajabadilika hata nukta.

Chukua Finding Me cha Viola Davis, cha mwaka 2022. Kinaanza na binti wa miaka minane anayekimbia kutoka shuleni huku wavulana wakimfukuza na kumtukana. Utoto wake ni wa Central Falls, Rhode Island, kwenye umaskini wa nyumba zenye panya. Davis ni mwigizaji wa jukwaani, na ningetegemea aigize kwa madaha. Hafanyi hivyo. Anasoma mambo mazito kwa sauti ya chini, karibu na kipaza sauti, kama mtu anayekueleza jambo wakati wengine wamelala chumba cha pili. Ni usomaji huo uliompa Grammy mwezi wa pili mwaka 2023, na kwa Grammy hiyo akatimiza zile tuzo nne kubwa za Marekani: Emmy, Grammy, Oscar na Tony. Nimesikiliza tuzo nyingi zikitolewa kwa vitu nisivyovielewa. Hii niliielewa.

Michelle Obama ni aina nyingine. Becoming, cha mwaka 2018, kina saa 19 hivi, na anasoma kwa mwendo wa mwanasheria, kila sentensi inasimama wima. Saa mbili za kwanza niliona amejibana mno. Kisha akafika kwa baba yake, Fraser Robinson, aliyefanya kazi kwenye mitambo ya maji ya jiji la Chicago huku ugonjwa wa neva ukimmaliza taratibu, kutoka kutembea kwa fimbo hadi kwa magongo. Sauti yake haivunjiki. Inapunguza mwendo tu, kidogo sana, na kama unafanya jambo lingine unaweza usilitambue. Nililitambua kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye basi sina la kufanya. Nikageukia dirishani hadi nilipotulia.

Kuna vitabu ambavyo mwenyewe hakuweza kuvisoma, na hapo sitaki kuwa mkali. Mwimbaji Britney Spears alisoma utangulizi tu wa The Woman in Me, mwaka 2023, akaeleza kwamba kuyapitia upya yote hayo kunamuumiza, na sehemu iliyobaki ikasomwa na mwigizaji Michelle Williams. Kitabu kinazungumzia miaka 13, tangu 2008 hadi 2021, aliyoishi chini ya usimamizi wa kisheria, maisha na fedha zake zikiamuliwa na wengine. Williams anasoma vizuri mno. Hata hivyo ule utangulizi mfupi ndio nilioubeba. Ukisikia sauti yenyewe kwa dakika chache halafu inaondoka, kitabu kizima unakisikiliza ukijua kuna mtu nyuma ya pazia aliyechagua asiyaseme tena kwa kinywa chake. Mwimbaji Elton John naye alimwachia Taron Egerton, kijana aliyemwigiza kwenye filamu, asome Me cha mwaka 2019, yeye mwenyewe akafungua na kufunga. Mpangilio ule unafanya kazi kwa sababu masikio ya wengi yalishazoea kumsikia Egerton akiwa Elton. Huo ni ufundi, na nimeufurahia, ila sikulia popote.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni cha Matthew Perry, mwigizaji aliyekuwa Chandler kwenye tamthilia ya vichekesho ya Friends. Alitoa tawasifu yake mwezi wa kumi na moja mwaka 2022, akaisoma mwenyewe, na mwezi wa kumi mwaka uliofuata akafariki. Mimi niliisikiliza baada ya kifo chake. Anasimulia ulevi na vidonge, anasimulia utumbo wake ulivyopasuka akiwa na miaka 49 na madaktari wakaona nafasi yake ya kupona ni ndogo mno. Sauti ni nzito, maneno mengine yanaburuzika, na utani wake bado upo, unachungulia kila baada ya sentensi mbili tatu. Kwenye karatasi ningesoma habari za mtu aliyepona. Masikioni nilikuwa na mtu anayetumaini kwamba amepona, na mimi tayari najua. Nilikimaliza kwa siku tisa kwa sababu sikuweza kuvumilia zaidi ya nusu saa kwa mkao mmoja. Sijutii, lakini mwenye msiba mpya nyumbani nitamshauri asubiri.

Nije kwenye vile viwili nilivyoviacha. Kimoja ni cha mwanamichezo niliyempenda tangu utotoni, simtaji jina. Alisoma mwenyewe, kwa hiyo kwa kanuni yangu kingepaswa kuwa kizuri, kumbe kusoma kwa sauti ni kazi yenye ufundi wake. Alisoma kama mtu anayesomewa mashtaka. Na lilijitokeza jambo ambalo karatasi ingelificha: tawasifu nyingi za mastaa huandikwa kwa msaada wa mwandishi wa kukodiwa, na yule jamaa alipofika kwenye maneno ya kupendeza sana, ulimi wake ulijikwaa. Unasikia kabisa neno lile halijawahi kutoka kinywani mwake kabla ya siku ile studioni. Akirudi kwenye habari za uwanjani, viatu, baridi ya asubuhi mazoezini, ulimi unafunguka. Nilivumilia saa tatu nikisubiri uwanja, na uwanja ulikuwa mdogo mno.

Cha pili kilikuwa cha mwanamuziki, na tatizo halikuwa lake. Nilikuwa nimeshasikiliza nusu nilipogundua ni toleo lililofupishwa. Miaka mizima ilikuwa imekatwa; mke wa kwanza anaondoka kabla hajafika. Maandishi ya kusema kuwa limefupishwa yalikuwepo, madogo, chini kabisa ya maelezo. Siku hizi naangalia jambo hilo kabla ya yote. Njia rahisi ni kulinganisha saa na kurasa: msomaji wa kawaida hutumia karibu saa moja kwa maneno elfu tisa hivi, basi kitabu kinene cha kurasa mia tano kikiwa na saa tano tu, ujue kuna panga limepita.

Kuhusu kasi nimebadilisha msimamo. Mwanzoni nilikuwa naweka 1.5 ili nimalize haraka, na kwa vitabu vya biashara au historia bado nafanya hivyo. Kwa tawasifu inayosomwa na mwenyewe nimerudi kwenye 1.0 na sitoki. Programu nyingi zikiongeza kasi hubana na vimya pia, yaani ule ukimya kati ya maneno, na vimya ndivyo nilivyovifuata. Ile sauti ya Michelle Obama inayopunguza mwendo kwa baba yake, ukiiweka 1.5 inakuwa sentensi ya kawaida. Kwa anayesikiliza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, hata 0.9 si aibu, hasa siku ya kwanza kabla sikio halijaizoea lafudhi ya msomaji.

Kitufe cha kujizima baada ya muda ni kizuri kitandani, ila kwa vitabu hivi nimeacha kukitumia. Nilikuwa naamka nimepitwa na ndoa. Picha ndizo ninazozikosa kweli, zile kurasa za katikati zenye picha za utotoni. Baadhi ya wachapishaji huambatisha faili la picha, wengine hawajali. Na ukitaka kurudia sentensi uliyoipenda, utaitafuta mpaka uchoke. Mimi sasa nikisikia ya kuhifadhi nabonyeza alama palepale, hata kama mikono ina povu la sabuni.

Watu huniuliza kama hivyo ni kusoma. Mimi nasema ni kusoma kwa mambo mengi, isipokuwa majina na miaka, ambayo hainikai kichwani isipopita machoni. Nikitaka kujua mtu alifanya nini, karatasi inanitosha. Nikitaka kujua yale aliyoyafanya yamemkaaje, nataka sauti. Ndiyo maana Long Walk to Freedom cha Mandela, cha mwaka 1994, ambacho alianza kukiandika kwa siri kisiwani Robben, nimeamua kukisoma kwa macho. Toleo kamili la sauti linasomwa na mtu mwingine, na sauti ya Mandela ninaifahamu mno kutoka kwenye hotuba zake kiasi kwamba kichwani mwangu ananisomea yeye.

Ninachosikiliza sasa ni My Name Is Barbra cha mwimbaji na mwigizaji Barbra Streisand, cha mwaka 2023. Ni saa 48. Ndiyo, arobaini na nane, kitabu chenyewe kina kurasa zaidi ya 900. Anasoma, kisha anaacha maandishi anaongeza jambo alilolikumbuka palepale, kisha anarudi. Wapo watakaochoshwa, na nawaelewa, kwa sababu kuna filamu moja anaizungumzia mpaka unaijua kuliko waliotengeneza. Mimi vile viongezo ndivyo vinavyonishika. Ni kama kuketi na mzee mwenye kumbukumbu kali ambaye hakuna wa kumwambia saa imekwisha. Niko saa ya 31.

Streisand imebidi asubiri wiki hii, lakini. Mama ameniuliza yule kijana aliyekuwa anagombezwa aliishia wapi. Nikamwambia habari yenyewe ni ndefu na mwisho wake una hospitali: mwaka 2009 mama yake alipigwa risasi kichwani na aliyekuwa mume wake, akapona. Akaweka sindano chini. "Basi nianzishie mwanzo," akasema, "na ukifika hapo uniambie mapema." Kwa hiyo kila jioni simu inakaa mezani, Noah anasoma kipande, nasimamisha, namtafsiria. Jana tumefika pale mama anamsukuma mwanawe atoke kwenye basi dogo linalokwenda, kumwokoa na dereva anayewatishia, kisha naye anaruka na mtoto mchanga mkononi. Nilikuwa nimeanza kutafsiri, mama akaniinulia mkono ninyamaze, akataka kwanza kuisikia tena sauti ya yule mwanamke.